Tuanze na tusi au tuanze na bangi?

Shangazi, shikamoo.

Sisi ni kamati ya vijana katika jumuiya ya familia za Kikongo na Kirundi zinazozungumza Kiswahili hapa Iowa, Marekani. Tumegawanyika katika jambo moja, ndiyo maana tunakuandikia.

Vijana wetu wa miaka 14 hadi 19 wanavuta bangi, wengi kwa sigara za kielektroniki zenye mafuta yake, kwa kuwa hazinuki sana na hufichika mfukoni. Wazazi wanalaumu marafiki wabaya. Vijana wenyewe wanataja mengine: kuitwa nyani kwenye basi la shule, kuandamwa na mlinzi dukani, kutolewa darasani kwa kelele zilizopigwa na wote. Wanasema wanavuta ili wapoe.

Hawajidanganyi. Utafiti wa Family and Community Health Study, uliofuatilia familia za Wamarekani Weusi wa Iowa hii hii na wa Georgia tangu watoto wakiwa na miaka 10 hadi 12, ulikuta kwamba aliyebaguliwa zaidi alielekea zaidi kutumia vilevi baadaye, na kilichomsukuma hasa ni hasira. Ulikuta pia kwamba mzazi wa karibu, anayesikiliza na kujua mwanawe yuko wapi, hupunguza makali hayo. Kwetu kinga hiyo ndiyo inayovunjika kwanza. Baba akisikia neno bangi, simu inanyang'anywa, mtoto anatishiwa kurudishwa Uvira, Kongo, na habari ya nyani haiulizwi kabisa. Dalili nazo hazisomeki: mzazi anatafuta machozi, mtoto ana ukali, halali usiku na anakwepa kula na wenzake.

Kwa sasa tunamwita kijana peke yake. Tunauliza kwanza wiki yake ilikuwaje shuleni, halafu maswali ya CRAFFT, kipimo kifupi cha matumizi ya vilevi kilichotungwa kwa walio kati ya miaka 12 na 21: je, umepanda gari la dereva aliyelewa, unatumia ukiwa peke yako, unatumia ili kujituliza, na kadhalika. Akijibu ndiyo mara mbili au zaidi, tunamtafutia mshauri wa kitaalamu. Maswali hayo hayo mbele ya baba hupata hapana tupu. Hupata hapana pia mkalimani akiwa muumini wa kanisa lao.

Siri ina mipaka, na tunamweleza kabla hajafungua mdomo. Akitaja kujiua, tunapiga 988, simu ya msaada kwa wanaofikiria kujiua, naye akiwepo, na mzazi anaambiwa siku hiyo. Mzazi anaambiwa pia kijana akitaja vidonge vya kununua mtandaoni, maana vingi ni bandia vyenye fentanili, dawa kali ya kulevya inayoweza kuua. Nyumba hiyo inahitaji naloksoni ya kupuliza puani, dawa ya kumwokoa aliyezidiwa na fentanili, inayouzwa bila cheti cha daktari tangu 2023.

Bangi yenyewe ndiyo inayotugombanisha. Ng'ambo ya Mto Mississippi, Illinois inaruhusu kwa wenye miaka 21 na zaidi tangu 2020. Iowa hairuhusu, na ripoti ya mwaka huo ya ACLU, shirika la kutetea haki za kiraia, ilionyesha kuwa Mweusi hapa hukamatwa kwa kuwa nayo zaidi ya mara 7 kuliko Mzungu. Aliyefikisha miaka 18 na asiye na uraia yuko pabaya zaidi. Wakili akimshauri akiri kosa ili hukumu iahirishwe na kesi ifutwe baadaye, idara ya uhamiaji bado inaweza kuihesabu kuwa hatia. Kwa hiyo nusu yetu wanataka mzazi aambiwe mapema, kabla ya polisi. Nusu nyingine wanasema kijana akisalitiwa mara moja, wenzake wote watanyamaza.

Kuhusu matusi, tunaandika tarehe, saa, maneno yenyewe na mashahidi, kwa kuwa malalamiko kwa Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Elimu lazima yapelekwe ndani ya siku 180 tangu tukio. Wazazi wengi wanakataa kutia sahihi wakiogopa kuharibu makaratasi yao.

Tunaomba utushauri, Shangazi. Tukikaa na baba, tuanze na tusi au na moshi? Mama atangulie kuambiwa peke yake, au baba ataona amezungukwa? Na kijana anayesema "mwambieni habari ya basi, bangi msiitaje", tumkubalie?

Kamati ya Vijana,
Iowa