Barua ya wazi kwa Msajili wa Magari: Kadi safi, gari lililokwisha kufutwa

Mheshimiwa Msajili,

Siku niliyokwenda kukata bima kubwa, karani aliingiza namba ya chesisi kwenye kompyuta, akanyamaza, akaiingiza tena. Kisha akageuza kioo nisome mwenyewe. Gari nililokabidhiwa wiki tatu kabla ya hapo lilikuwa limeandikwa hasara kamili miaka miwili nyuma. Liligongwa, mwenyewe akalipwa fidia, mabaki yakapigwa mnada. "Hili bima kubwa hatuwezi kukupa," akaniambia kwa upole, kama daktari anayetoa majibu mabaya. Kadi iliyotoka ofisini kwako nilikuwa nayo mkononi, haina hata doa.

Kuuziwa mbuzi kwenye gunia kunauma, lakini dalali ni dalali, na simwandikii yeye barua hii. Nakuandikia wewe kwa sababu habari ilikuwepo. Bima walijua, wapiga mnada walijua, fundi aliyeliunganisha alijua kuliko wote. Aliyekuwa gizani ni mmoja tu, yule aliyetoa pesa.

Utaniambia ningekagua. Nilikagua, tena nikiwa na fundi. Tulisikiliza injini, tukachungulia oili, tukalizungusha barabarani. Nilipofungua swichi taa ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaokinga dereva kwenye ajali, iliwaka, injini ilipounguruma ikazima, kama inavyotakiwa. Baada ya yale ya bima nikalipeleka kwa fundi umeme, akanionyesha siri: waya wa taa hiyo ulikuwa umeungwa na wa taa ya oili, kwa hiyo ikizima hii na ile inazima. Akabandua kifuniko cha katikati ya usukani. Mahali pa mfuko wa hewa palikuwa na kipande cha sponji la godoro, kimekatwa kwa kisu kikalingana na tundu. Nilikicheka kwanza. Halafu nikakumbuka kwamba wiki tatu nzima nimepeleka watoto shule, kifua changu kikitazamana na godoro.

Mikanda nayo ilikuwa ile ile ya siku ya ajali. Kile kifaa kinachoukaza mkanda gari linapogonga hufyatuka mara moja tu, kisha ni cha kubadilishwa, na cha kwangu kilishafyatuka. Fundi bodi akanyanyua zulia la buti, akanishika kidole akakipitisha kwenye bati. Kiwandani huunganisha kwa vidoti vilivyopangana. Huu ulikuwa mshono mnene, umevimba kama kovu. Alipoweka kipimo cha unene wa rangi kwenye mlango wa nyuma kikasoma zaidi ya mikroni 1,000, wakati rangi ya kiwandani huwa kwenye 100 na ushei. Hiyo ni puti, lile rojo la kuzibia mabonde ya bodi, akasema, na puti haizuii ajali.

Sikuombi upige marufuku magari yote yaliyofutwa na bima, yaani yaliyoandikwa hasara kamili, maana najua hesabu inavyokwenda. Gari la miaka kumi na mitano likivunjika bampa, boneti na taa mbili, na eabegi zikalipuka, gharama ya spea mpya inaweza kukaribia thamani ya gari zima, na bima wakaona afadhali walipe na waachane nalo, ingawa bodi haijapinda popote. Gari kama hilo likitengenezwa na fundi mwenye aibu zake litatembea miaka, na kwa mtu wa kipato changu ni nafuu kubwa. Hata kesho ningelinunua, ila kwa bei yake na nikiwa najua. Uingereza, tangu Oktoba 2017, wanatenganisha kwa herufi: A linasagwa lote, B linatolewa spea lakini bodi inasagwa, S limeumia muundo wake, N halikuumia muundo. Hayo mawili ya mwisho yanaruhusiwa kurudi barabarani yakishatengenezwa. Herufi moja tu, Mheshimiwa, ingeniokoa.

Yapo pia yaliyozama, na hayo nayaogopa kuliko yaliyogongwa, kwa sababu maji hayaachi kovu la kushika kwa kidole. Kutu hula viunganishi vya waya polepole, na gari huanza vituko miezi baada ya kulinunua. (Ukienda kununua, vuta mkanda mpaka mwisho kabisa, watu husafisha viti wakasahau kule ndani, na mstari wa tope hubaki pale.) Baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005, kuna magari yaliyozama Marekani yaliyohamishiwa majimbo mengine na kusajiliwa upya hadi alama ya uharibifu ikapotea. Wenyewe huita kufua hati. Tangu 2009 mnunuzi wa huko anaweza kuuliza katika kanzidata ya taifa, ambayo kampuni za bima na yadi za mabaki zinatakiwa kisheria kuipelekea taarifa kila mwezi.

Nikuombe basi. Siku bima inapolipa hasara kamili, ofisi yako ipate namba ya chesisi, zile herufi na tarakimu za kulitambulisha gari, na alama iandikwe kwenye kadi isitoke hata gari libadilishe wamiliki kumi. Mtu yeyote aweze kuiuliza kwa simu kabla ya kulipa. Gari linaloingia kutoka nje liulizwe kumbukumbu zake kule lilikotoka. Na zaidi ya yote, picha za siku ya ajali zihifadhiwe na mnunuzi azione, kwa sababu neno "limetengenezwa" kila mtu analitafsiri anavyotaka.

Juzi alikuja mtu kulitazama gari langu. Akalizunguka, akaisifu rangi, akaomba kadi. Akaisoma mbele na nyuma, akaridhika, akaanza kuzungumzia bei. Ilibidi nikalete lile sponji ndani nimwekee kwenye boneti ndipo aniamini.

Wako,
Mmiliki wa nne wa gari hilo