Shukrani kwa mama wa kwenye daladala

Mama yangu, jina lako sikuliuliza. Ilikuwa jioni, daladala la Gongo la Mboto, mimi nimekaa dirishani nalia, bahasha mapajani. Ukaniuliza, "Mwanangu, umefiwa?" Nikakujibu hapana, ni mambo ya kazini.

Pale kwetu kutukanwa mbele ya wateja lilikuwa jambo la kila siku. Tulitoka saa mbili usiku bila malipo ya ziada, na aliyeomba likizo aliitwa mvivu. Siku ile nilikuwa nimepewa barua ya kuacha kazi "kwa hiari", niisaini kesho yake. Hiari gani ile!

Uliisoma yote, ukaniambia nisisaini. Ukanieleza Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: saa 45 kwa wiki, likizo siku 28, na kwamba nikiachishwa nina siku 30 tu za kufika CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ukashuka Ukonga hata sijakushukuru.

Sikusaini. Wiki iliyofuata walinifukuza; siku ya 9 nikajaza fomu CMA, na haki yangu nikalipwa. Ahsante sana, mama. Shikamoo, popote ulipo.