Kikao cha Jumapili: picha na mambo ya DNA

Assalaam aleikum ndugu, shikamooni wakubwa.

Jumapili baada ya Alasiri tunakutana Ujiji kwa bibi kufuatilia asili ya ukoo wetu. Mwenye picha ya zamani aje nayo yenyewe, si ya kupigwa kwa simu: tunautaka mgongo wake, wenye muhuri wa studio na maandishi ya kalamu. Iliyogandia kwenye albamu msiibandue, njooni na albamu nzima.

Babu aliyevuka Ziwa Tanganyika kutoka Manyema, Kongo ya leo, msimtafutie hati ya kusafiria; misafara ya pembe za ndovu haikuwa na karani wa uhamiaji. Nani alikuja kwa hiari na nani aliletwa, anayejua amnong'oneze shangazi, asiandike humu. Waliobatizwa wana nafuu, daftari la parokia hutaja wazazi.

DNA: kromosomu Y, kifungu cha DNA walicho nacho wanaume, hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume tu. Kwa hiyo kwa Y ya babu, mtoto wa shangazi hafai hata akiwa wa kiume. Tunamtaka mtoto wa kiume wa baba mdogo. DNA ya mitokondria, vijisehemu vya ndani ya seli, hufuata mama. Kupima ni hiari, na majibu ya mtu hayarushwi kundini bila ruhusa yake.

Chai ipo, vitumbua kila mtu na vyake.