Ukurasa wa michezo utaje mruko kwa jina lake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme juu ya taarifa zenu za mchezo wa kuteleza kwenye barafu kila Olimpiki ya Majira ya Baridi inapofika. Nilikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo katika skuli za Wete kabla ya kustaafu, na mchezo huu naufuatilia kwenye televisheni pamoja na wajukuu zangu. Taarifa zenu husema fulani karuka vizuri, fulani kaanguka, basi. Msomaji haelewi kwa nini aliyeanguka kampita aliyesimama, na hapa barazani kwetu wazee wameshakata shauri kuwa waamuzi wana upendeleo.

Upendeleo uliwahi kuwapo, na kashfa ya waamuzi kwenye Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002 ndiyo iliyouzika mfumo wa zamani, ambao alama ya juu kabisa ilikuwa 6.0. Siku hizi kila mruko una jina lake na thamani yake. Tolupu ya mizunguko mitatu ni alama 4.2. Lutz ya mizunguko minne ni 11.5, mchezaji akiikamilisha hewani kisha akaanguka, waamuzi wanaweza kumkata nusu, na alama moja tena kwa kuanguka, naye akabakiwa na 4.75, bado kampita wa tolupu aliyesimama. Habari yenyewe ndiyo hiyo, na ninyi hamuiandiki.

Chuma cha kiatu kina kingo mbili, wa ndani na wa nje, na mbele kina meno kama ya mbuzi ya nazi. Tolupu, flipu na Lutz huanza kwa kuchoma barafu kwa meno hayo. Salchow, lupu na Axel huruka kwa ukingo peke yake. Axel ni rahisi kuitambua, kwani ndiyo pekee ambayo mtu huondoka akitazama mbele, kwa hivyo huwa na nusu mzunguko wa ziada. Axel Paulsen wa Norway aliiruka mwaka 1882. Ilia Malinin wa Marekani ndiye wa kwanza kuruka ya mizunguko minne na nusu mashindanoni, Septemba 2022.

Mimi khasa naipenda Lutz. Mchezaji anakuja kinyumenyume juu ya ukingo wa nje, kisha anazunguka kinyume na mkunjo aliokuja nao. Mwili wote unakataa. Wengi mguu huwalalia ukingo wa ndani dakika ya mwisho, na wachezaji wenyewe huuita mruko huo flatzi: jina Lutz, kilichorukwa flipu, kwani flipu ndiyo inayoondokea ukingo wa ndani. Mtazamaji anaona uzuri mtupu. Waamuzi wanarudia picha na kupunguza alama. Kuna na kupopu, mtu kukusudia mizunguko mitatu akafunguka hewani, akashuka na mmoja. Huyu hakuanguka, lakini thamani imemponyoka. Mwandishi wako ayatumie maneno haya haya, ayafafanue mara moja, tutayazoea kama tulivyozoea penalti na ofsaidi.

Na msimsahau Surya Bonaly, Mfaransa mweusi. Samasoti ya kinyumenyume ilipigwa marufuku baada ya Mmarekani Terry Kubicka kuipiga kwenye Olimpiki ya 1976. Mwaka 1998, kwenye Olimpiki ya Nagano, Bonaly akaipiga mbele ya waamuzi na kutua kwa mguu mmoja, akijua atakatwa alama. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2024. Vijana wanaojitupa baharini kwa samasoti pale Forodhani wangeisoma habari hiyo mpaka mstari wa mwisho, lakini katika ukurasa wako sijapata kuliona jina lake.

Ombi langu ni dogo. Kila taarifa itaje mruko, idadi ya mizunguko, na kama ukingo ulikuwa sahihi. Matokeo rasmi ya mashindano huyaonyesha hayo yote, mruko kwa mruko, na alama ya mshangao ikiwekwa kwenye Lutz yenye ukingo wa mashaka.

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba