Shoga Rukia, hizo alamu za moshi usimwachie fundi

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu Rukia,

Asalaam aleikum mwenzangu. Habari za Bagamoyo, mama mkwe hajambo, mguu umepata nafuu? Huku sote wazima, joto tu ndo linatutoa roho, mvua inatishia kila jioni alafu inapita zake baharini. Voisi yako nimeisikia na picha ya maboksi nimeiona. Kaka yako kafanya la maana kweli, kutoka Muscat mtu anatuma alamu za moshi badala ya mablanketi ya manyoya ambayo kwa joto letu hili sijui nani anajifunika. Sasa umesema fundi anataka kuzipachika mbili sebuleni na mbili jikoni "ili zionekane", tena kwa gundi. Mwambie ashuke kwenye ngazi kwanza anywe chai, tuongee.

Mimi hapa gesti nimehangaika nazo hizi sana, vyumba vyote zipo, kwa hiyo nakwambia vitu ninavyoviona kila siku.

Alamu ya moshi kazi yake ni mtu aliyelala. Ukiwa macho pua yako yatosha, utasikia kinanuka kitu utaenda kuangalia. Ukishalala pua nayo imelala, na moshi ule unamlewesha mtu kitandani kabla hata moto wenyewe haujamfikia. Kwa hiyo usianze na jikoni, anza na vitanda: chumba chako na baba Zuhura moja, cha watoto moja, cha mama mkwe moja, na ya nne koridoni hapo vyumba vinapotazamana. Nne zako zimeisha. Siku kaka akituma nyingine ndo iende sebuleni kwenye lile tivi lenu na ile ekstenshen iliyobeba dunia nzima. Unajua ya sebuleni peke yake italia vizuri tu, hizi zenye alama ya EN 14604, yaani kiwango cha Ulaya cha alamu za moshi, zinatakiwa zifike desibeli 85 ukiwa mita 3, lakini we umelala mlango umefunga, pangaboi linanguruma, sauti itakufikia imechoka. Na milango mfunge usiku tafadhali, mlango uliofungwa unachelewesha sana moshi na moto. Angalia kwenye boksi kama ni zile zinazounganishwa bila waya, maana hizo ikilia moja zinalia zote, na kama ni hivo utakuwa umepata bahati.

Haya, wapi hasa. Moshi unapanda, kwa hiyo ni darini, karibu na katikati ya chumba, isipungue sentimita 30 kutoka ukutani au kwenye taa. Pembeni kabisa kwenye kona pale ukuta unapokutana na dari usiweke, hewa ya pale haizunguki. Katikati lakini una pangaboi najua, basi isogeze mita moja hivi kutoka ncha za mapanga, sio chini yake, maana upepo wa feni unausambaza moshi kabla haujaingia kwenye alamu. Vivyo hivyo na dirisha linaloleta upepo wa bahari na ile eisii ya chumbani kwako.

Sasa kuna jambo la mabati yetu ambalo mafundi wengi hawalifikirii. Panda juu ya stuli saa nane mchana ushike siling bodi kwa kiganja. Kama ni ya moto, ujue hapo chini yake hewa ya moto imejikusanya, na moshi mwembamba wa mwanzo ukipanda unakwama chini ya ile hewa, haufiki kwenye alamu mpaka moto uwe mkubwa. Nyumba kama hiyo isiyo na kitu cha kuzuia joto darini, ni bora alamu ikae ukutani, ukuta wa ndani sio ule unaopigwa na jua, sentimita 10 mpaka 30 kutoka darini, isipite hapo. Vyumba vyangu vya nyuma nimefanya hivo hivo. Ila soma kijitabu kwanza kama aina yako inaruhusiwa ukutani.

Jikoni usiweke kabisa, na iliyo karibu nayo iwe mbali mita 3 au zaidi na jiko. Wewe na mihogo yako ya kukaanga kila jioni! Itakulilia leo, kesho, keshokutwa, mwisho baba Zuhura atapanda kiti atoe betri aseme "nitairudisha baadae", na hairudi. Hapa gesti wageni ndo zao, naingia kusafisha naikuta alamu kabatini imefungwa kwenye taulo, betri iko kwenye rimoti ya tivi. Ndo maana nakwambia kuiweka mahali isipokuchosha ni muhimu sawasawa na kuiweka mahali inapouona moshi. Mlango wa bafu nao uache mita moja, mvuke wa maji ya moto inauhesabu moshi. Jikoni kuna za kwao zinazosikia joto sio moshi, ukipata hiyo weka.

Na udi shoga. Hapo ndo tutagombana. Mimi siachi udi Alhamisi jioni na wewe huachi, na kile chetezo chako kinatoa moshi wa harusi nzima. Hizi ulizotumiwa ni za mwanga, ndani kuna kijichumba cheusi na taa ndogo inayomulika pembeni, moshi ukiingia unaupinda ule mwanga unapiga kwenye jicho lake, basi inalia. Kwayo udi, ubani, dawa ya mbu ya kuchoma, vumbi, hata kisisimizi kilichoingia kutafuta kivuli, vyote ni moshi. Chetezo kiweke kule barazani au chini ya dirisha lililo wazi, nguo fukizia huko, ikilia bonyeza kile kitufe cha kuinyamazisha, inatulia dakika chache alafu inarudi kazini yenyewe. Usitoe betri, wallahi nakuapiza.

Kufunga kwenyewe ni skrubu, sio gundi. Gundi kwa joto hili inaachia, alamu inadondoka usiku na watoto wanashtuka bure. Kwenye jipsamu fundi agonge gonge atafute mbao, kwenye ukuta wa tofali atumie fisha. Asitoboe moja kwa moja juu ya swichi au soketi, waya mara nyingi zinapanda hapo hapo, na azime meni swichi kabla ya kuwasha drili, asikwambie "mi mzoefu". Mtu mmoja ashike ngazi. Na kwa kuwa fundi rangi bado hajamaliza, zivalishe mfuko wa nailoni mpaka vumbi na rangi viishe, alafu UIVUE, na asije akaipaka rangi ifanane na dari, matundu yakiziba hiyo ni pambo.

Zako nimeona ni za betri, vizuri. Zipo za kuunganisha na umeme lakini hizo ziwe na betri ya akiba ndani na afunge fundi umeme, maana LUKU inaisha saa saba usiku, watu wanawasha mishumaa, na hapo ndo unaitaka alamu kuliko saa zote.

Kila mwezi bonyeza kitufe cha kujaribu, sio kuchoma karatasi chini yake kama anavyofanya jirani yangu hapa. Pitisha brashi laini itoe vumbi na utando wa buibui. Ikianza kulia "tii" moja kila baada ya nusu dakika au dakika, betri inaaga. Nyuma ya kila moja kuna tarehe imeandikwa, ikifika miaka 10 tupa nunua nyingine hata kama bado inalia vizuri.

Siku ya kujaribu usiku iache ilie watoto wamelala uone. Watoto wengi hawaamki na hiyo sauti, wanageuka upande wa pili wanaendelea, kwa hiyo mkubaliane nani anakwenda kuwatoa. Mama mkwe nae masikio yameshapungua, sauti ile nyembamba huenda asiisikie, ya chumbani kwake ujaribu yeye akiwa kitandani. Zipo za kutikisa mto kwa wasiosikia, muulize kaka. Na nondo! Madirisha yote nondo, geti la mlango kufuli, funguo iko kwenye pochi yako chini ya kitanda. Piga msumari karibu na mlango, juu mtoto asiufikie ila wewe gizani uufikie, funguo ikae hapo kila usiku. Mkitoka mkutane wote pale kwenye mwembe mhesabiane, ndo upige 114 zimamoto, sio kurudi kutafuta simu ndani.

Kuna kitu kimoja alamu hii haikusaidii, jiko la mkaa. Najua mvua zikinyesha mnaliingiza ndani. Ile hewa ya mkaa ni sumu, haina rangi wala harufu, na mkaa ulioshika vizuri hautoi moshi, kwa hiyo alamu ya moshi itakutazama tu. Ina alamu yake nyingine kabisa. Jiko likae nje, na akija tena kaka mwambie alete na hiyo.

Haya, ngoja nikakande chapati, wageni wa basi la jioni washafika. Nitumie picha ya korido na ya dari la chumba cha mama mkwe kabla fundi hajatoboa, na upime kutoka mlango wa jikoni mpaka mlango wa kwanza wa chumba ni mita ngapi. Wasalimie sana, Zuhura mbusu.

Shogaako,
Mwanaisha