Hadithi ya mwanagenzi wa uchawi ibakie

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wasomaji wanaotaka hadithi ya binti anayejifunza uchawi iondolewe katika ukurasa wa watoto, kwa hoja kwamba inaichafua Pemba yetu, ambayo wageni wameisema kwa uchawi tangu zamani. Mimi naona kinyume chake. Mtoto aliyemcheka mwanagenzi ambaye ungo wake umemtupa juu ya mkarafuu, huku bibi anayemfunza akimgombeza kwa kuwa mchele haujapepetwa, hatamwogopa tena kikongwe wa jirani (na vikongwe wetu wameonewa vya kutosha). Abunuwasi tumemcheka miaka yote, wala sijasikia aliyegeuka laghai kwa ajili yake. Ila mwandishi asimvike binti huyo kofia ndefu ya Ulaya, kanga zipo.

Msomaji wako,
Wete, Pemba