Madaktari wa meno, tuambieni kuhusu ile damu iliyoganda

Mhariri,

Naomba nafasi niongee na madaktari wa meno na wale wote wanaotegemea kung'olewa gego la mwisho, lile wengi wanaliita jino la hekima. Kung'olewa kwenyewe ganzi ikishakolea husikii kitu zaidi ya kusukumwa sukumwa, shida inaanzaga nyumbani. Mtu anapewa maelekezo mdomo umejaa gozi, vile vitambaa vya hospitali vya kuzuia damu, kichwa kizito, anaitikia tu kila kitu, akifika kwake anachokumbuka ni muda wa kumeza dawa basi.

Hakuna aliyemsisitizia kuhusu lile bonge la damu linaloganda kwenye tundu. Wengi wakiliona kwenye kioo wanajua ni uchafu, wanasukutua kwa nguvu, wengine wanachokoa kabisa na kijiti. Jamani lile ni kama kigaga cha kidonda, ndo linafunika mfupa na mishipa ya fahamu mpaka nyama ianze kuota. Likitoka mapema tundu linabaki wazi, na maumivu yake yanaanza siku ya pili au ya tatu pale unapotegemea unapona, yanapanda mpaka sikioni na mdomo unanuka. Nimemuuguza mdogo wangu hivo hivo, usiku kucha anavumilia akidhani ndo kupona kulivyo, kumbe alitakiwa arudi tundu lisafishwe na kuwekwa dawa, na alivyowekewa akalala.

Ndo maana masaa 24 ya kwanza husukutui kabisa, mate hutemi kwa nguvu unayaachia yatoke yenyewe, na mrija usitumie maana kule kunyonya kunalivuta bonge. Sigara angalau siku 3 achana nayo. Kesho yake ndo unaanza maji ya uvuguvugu, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi, unainamisha kichwa huku na huku taratibu afu unayaacha yadondoke. Mate kuwa mekundu mekundu siku ya kwanza ni kawaida, ila damu ikichuruzika ng'ata gozi safi kwa nguvu kama nusu saa bila kuchungulia chungulia.

Shavu kuvimba na taya kukaza visikutishe, uvimbe unazidi mpaka siku ya 2 au ya 3 ndo unaanza kushuka. Ukiendelea kupanda baada ya hapo, au kuna homa, usaha, kumeza kwa shida, rudi haraka, na kama kupumua kunakuwa kugumu hata iwe usiku wa manane nenda hospitali.

Sasa madaktari wetu, naomba haya yaandikwe kwenye karatasi kwa Kiswahili cha kawaida apewe yule aliyemsindikiza mgonjwa, maana yeye hana ganzi. Na kama kuna uwezo wa kumpigia simu mgonjwa mpigieni siku ya tatu, kesho yake wengi bado wako poa na watawajibu hamna shida.

Msomaji wenu